Neno "Makamu" na Mabadiliko ya Muundo wa Urais Tanzania



Majina ya vyeo huweza kudumu ilhali vyeo vyenyewe vimebadilika. Mhadhara huu unachunguza jambo hilo kwa neno moja, makamu, na kwa mifano inayougusa mkoa wa Mara.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, kwa maana ya mahali pa kusimama. Makamu, basi, ni anayesimama mahali pa mwingine. Lakini husimama kwa niaba ya nani?

Tarehe 9 Desemba 1962, Julius Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, alikuwa Rais wa Tanganyika. Wadhifa wa Waziri Mkuu ulifutwa, na Rashidi Kawawa akawa Makamu wa Rais, yaani msaidizi wake. Muungano wa 1964 ulileta makamu wawili. Makamu wa Kwanza alikuwa Abeid Karume, Rais wa Zanzibar. Kawawa akawa wa Pili. Hapo cheo kilibeba uwakilishi wa mshirika wa Muungano.

Aidha, vyeo vya serikali havikueleza mamlaka yote. Azimio la Musoma la 1974, lililohimiza elimu ya msingi kwa wote, lilitolewa na Halmashauri Kuu ya TANU, ambayo Mwenyekiti wake alikuwa Rais huyohuyo.

Mwaka 1985 maana iligeuka. Kwa kuwa Rais mpya, Ali Hassan Mwinyi, alitoka Zanzibar, Makamu wa Kwanza akawa Waziri Mkuu, Joseph Warioba wa Bunda. Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil, akawa wa Pili. Tangu uchaguzi wa 1995, Makamu ni mmoja, mgombea mwenza wa Rais. Uzito wa badiliko hilo ulidhihirika mwaka 2021, Samia Suluhu Hassan alipourithi urais. Nako Zanzibar, tangu 2010, "Makamu wa Kwanza wa Rais" ni cheo kingine kabisa, kilichozaliwa na maridhiano ya vyama.

Kwa hiyo, kamusi inayofasiri istilahi hiyo bila kutaja mwaka wala katiba humpotosha msomaji, na humfichia historia ya mapatano ya Muungano. Mwanafunzi wa hati za utawala hana budi kuanza na tarehe, kisha katiba, ndipo aifikie maana.