Sanaa ya Mwanamke ni Sauti, Umoja na Tiba

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Ustawi wa Jamii, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hatunao. Tunawaombea mapumziko mema. Pili, tunawashukuru wote waliotuunga mkono tangu tulipokuwa na sanduku moja, kufuli tatu na madaftari machache.

Habari za hisa, mikopo na mgao mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumepewa jambo jingine. Katika mkutano uliopita baadhi ya wenzetu walitoa hoja kwamba ile nusu saa yetu ya nyimbo na kusuka ukili iondolewe kwenye ratiba, kwa sababu, walisema, "ngoma hailipi mkopo." Hoja hiyo imetolewa kwa nia njema. Muda ni mali, na wapo wanaotembea kutoka mbali. Lakini kabla hatujapiga kura, tunaomba tusikilizane kidogo.

Binti wa mfinyanzi

Tuanze na mtu mnayemfahamu wote kwa jina. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, kwa hiyo damu ya huku kwetu anayo. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alizunguka vijijini akiuza vyungu na kuvinadi kwa sauti yake. Shule hakusoma. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa ala, na mwaka 1928 akaenda Bombay, India, pamoja na wenzake, kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Wapo waliomcheka kwa umaskini wake na kaniki aliyokuja nayo mjini. Yeye alijibu kwa wimbo.

Jambo kubwa zaidi ni yale aliyoyaimba. Mwanamke mmoja mgeni kutoka Bara aliuawa Unguja. Muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi mahakamani ndio waliotiwa hatiani. Wanawake maskini wa wakati ule hawakuwa na diwani wala mbunge, na mahakama ilikuwa ya mkoloni. Siti na wenzake wakalitia jambo lile katika wimbo uitwao "Kijiti". Wimbo haukumrudisha aliyekufa, lakini mpaka leo watu wanajua nani alikosa na nani alionewa. Jamani, kama huo si uwakilishi, uwakilishi ni nini? Alipofariki mwaka 1950 alikuwa na heshima kubwa, na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliandika kitabu cha maisha yake.

Vitabu vya udongo

Sasa turudi huku kwetu. Bibi zetu hawakuwa na karatasi, lakini vitabu walikuwa navyo. Vilikuwa vya udongo. Mwaka 1956 Bwana Hans Cory, aliyefanya kazi ya kuchunguza mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha London kitabu kizima juu ya vinyago vidogo vya udongo vilivyotumika kufundishia vijana jandoni na unyagoni. Vimo vya Wazigua, Wasambaa na Wanguu. Kinyago kilikuja na wimbo wake, na wimbo ulikuja na fundisho lake. Mwali alikiona kwa macho, akaimba kwa mdomo, na somo likakaa moyoni. Aliyefundisha msichana alikuwa kungwi, yaani mwanamke mwenzetu.

Leo mfinyanzi wetu anachimba udongo, anaubeba kichwani, anafinyanga, anakausha, anachoma, kisha chungu kinauzwa bei ya kutupa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Ndoo za plastiki zimeingia, na binti zetu wanaona haya kushika udongo. Fundi akiondoka bila kurithisha, kinaondoka chungu na maneno yaliyokuwa yakisemwa wakati wa kukifinyanga.

Wenzetu wa Chogo

Tuwaangalie pia majirani zetu wa Chogo, hapa hapa wilayani Handeni. Katika karne ya 19 wazee wao, Wazigua kama sisi, walichukuliwa mpaka Somalia. Njaa iliwasukuma, na biashara ya utumwa ikawameza. Kuna masimulizi kwamba mwanamke mmoja mwenye maono, Wanankhucha, ndiye aliyewaongoza watumwa waliotoroka hadi bonde la mto Juba. Huko waliishi zaidi ya miaka 100.

Vita vilipowaka Somalia mwaka 1991, wengi walikimbia na baadhi yao wakafika Handeni. Walikaa kwanza Mkuyu, kisha wakapelekwa Chogo, na serikali yetu iliwapa wengi wao uraia. Watu hawa hawakuja na hati za mashamba wala picha za mababu. Walikuja na Kizigua, hadithi na ngoma. Walipoongea, wenyeji waliwaelewa. Lugha ile ilitunzwa kwa miaka yote hiyo na akina mama waliowaimbia watoto na kuwacheza wali. Basi tujiulize: sisi tusiotolewa kwetu, tutashindwa kutunza?

Na sisi wenyewe

Tuje kwenye kikundi chetu. Wengine hapa ni wa selo, wengine ni wa mdumange, na wapo ambao babu zao walikuja Korogwe kukata mkonge kutoka mikoa ya mbali. Mwanzoni tulikaa kwa makundi, kila mtu na wa kwao. Tulipoanza kufundishana nyimbo ndipo tulipochanganyika, na mtu uliyeimba naye unaona rahisi kumdhamini mkopo.

Mnakumbuka pia habari ya lumbesa. Tulilalamika miaka miwili na hakuna aliyetusikiliza. Tukatunga wimbo, tukauimba kwenye mkutano wa kijiji, bila kumtaja mtu. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Msimu uliofuata mizani ililetwa.

Na yupo mwenzetu mmoja, hatutamtaja, aliyefiwa na mtoto. Marejesho yakasimama, naye akaacha kuja kwa aibu. Hatukumpelekea daftari la madeni. Tulikwenda na miyaa, tukakaa uani kwake tukisuka. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili alichukua ukili akasuka. Siku ya tatu akaanza mwenyewe wimbo aliokuwa akimbembelezea mtoto, tukaupokea, tukalia wote. Mkeka ule ulipokwisha tuliuuza, fedha ikaingia kwenye deni lake. Leo yuko hapa kati yetu. Hatusemi kwamba wimbo unatibu malaria. Mgonjwa aende hospitali. Lakini yapo maumivu ambayo duka la dawa halina kidonge chake.

Maombi yetu

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, Kamati inaomba yafuatayo:

1. Nusu saa ibaki, ila iwekwe mwisho, baada ya hesabu kufungwa, ili anayekwenda mbali awe huru kuondoka bila faini.

2. Kila fundi wa vyungu au mikeka afundishe wasichana wawili, na mfuko wa jamii umsaidie vifaa.

3. Vyungu, mikeka na vikapu viuzwe kwa pamoja, kwa bei tuliyoipanga sisi.

4. Nyimbo za wazee wetu ziandikwe kwenye daftari na kurekodiwa kwenye simu, maana wazee hawatungoji.

Wenzetu waliosema ngoma hailipi mkopo, tunawaheshimu. Tunawaomba tu wafikirie ni kitu gani kilichotufanya tuaminiane hata tukathubutu kukopeshana. Sanduku lina funguo tatu, lakini linalindwa na watu wanaopendana.

Kikundi hoyee! Akina mama hoyee!