Shahada, Leseni na Saa za Angani: Njia ya Kijana wa Kaskazini Mashariki Kuwa Mkufunzi wa Urubani

Mada kwa walimu washauri wa wanafunzi, wazazi na maafisa wa elimu, Garissa

Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie masomo ya chuo kikuu kwa kijana anayetaka kuwa mkufunzi wa urubani. Maelezo ya msingi nitayapitia haraka, maana wengi mnayafahamu. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo limenisumbua miaka mingi: nani analipia saa za kuruka? Ninayosema ni maoni ya kitaalamu, hayafungi taasisi yoyote.

1. Maelezo ya msingi

Kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA) zimejengwa juu ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Kwa viwango hivyo, leseni ya rubani binafsi huanzia umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara huanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Mkufunzi lazima afikie kiwango cha rubani wa biashara, kisha afunzwe kufundisha: kuonyesha zoezi, kumwachia mwanafunzi usukani, kutambua kosa na kulisahihisha kabla halijaleta hatari.

2. Shahada ina kazi gani?

Viwango vya ICAO havimdai mkufunzi shahada. Marekani shahada ina uzito wake: tangu kanuni za 2013, mhitimu wa shahada ya urubani inayotambuliwa anaweza kuingia shirika la ndege akiwa na saa 1,000 badala ya 1,500, na wengi huzipata saa hizo kwa kufundisha. Kwetu mambo ni tofauti. Shahada ya uhandisi wa ndege, kama ile ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, humtoa mhandisi, si rubani. Mzazi aelezwe hilo kabla ya mtoto kujaza fomu ya kuchagua kozi.

Hata hivyo naiunga mkono shahada, hasa ya ualimu wa hisabati na fizikia. Mkufunzi wa urubani ni mwalimu kwanza. Tena leseni ya biashara hudai cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho rubani aliye chini ya miaka 40 hukifanya upya kila miezi 12. Siku macho au moyo ukikataa, mwenye shahada bado ana kazi. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati mwaka 2017, kimekaa mahali palipokuwa chuo cha ualimu. Ualimu si mgeni hapa.

3. Saa za kuruka na fedha zake

Hapa ndipo vijana wetu wanapokwama. Darasa lina mfadhili, anga halina. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) umepangwa kwa karo na matumizi ya mwanafunzi wa chuo kikuu au chuo cha ufundi. Basari za kaunti na za maeneo bunge hutoka kwa mafungu madogo. Mafunzo ya kufikia leseni ya biashara hugharimu mamilioni ya shilingi, na shule nyingi za urubani ziko Uwanja wa Wilson, Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. Juu ya ada kuna chumba, chakula na nauli.

Familia zetu hazikai bure. Zinauza ngamia, zinaitisha mchango wa ukoo, zinawapigia jamaa walioko ng'ambo. Lakini fedha za mchango huja kwa vipande, na urubani haukubali kujifunza kwa vipande. Mwanafunzi akikaa miezi mitatu bila kuruka, mikono husahau. Akirudi, mkufunzi humrudisha kwenye kutua na kupaa alikokwisha kupita. Anazilipia tena saa zilezile. Wakati huo cheti cha afya kinakwisha muda. Nimewaona vijana hodari wakirudi nyumbani na daftari la saa lililojaa nusu, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu fedha zilikatika katikati.

Kuna suala la riba. Benki inaweza kukopesha, lakini Waislamu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hawachukui mkopo wa riba; hata ile asilimia 4 ya HELB huwazuia baadhi yao. Jambo hili hutajwa katika vikao, huandikwa kwenye kumbukumbu, na huishia hapo. Ni dini ya watu, wala si udhuru. Benki za misingi ya Kiislamu zimekuwapo Kenya tangu miaka ya 2007 na 2008, kwa hiyo maarifa ya ufadhili usio na riba tunayo nchini.

Wengine huelekeza macho kwenye Mfuko wa Usawazishaji. Tusipoteze muda. Kifungu cha 204 cha Katiba kimeufunga kwa maji, barabara, afya na umeme. Kifungu kinachotuhusu ni cha 56, kinachoitaka serikali kuweka mipango ya kuwapa makundi yaliyotengwa fursa maalumu za elimu.

Kwamba umma unaweza kugharimia urubani, historia inathibitisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, mwaka 1971, mbali na miji mikuu, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, lakini chuo kilibaki mikononi mwa Uganda.

4. Mapendekezo

(i) Kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera ziunde mfuko mmoja wa saa za kuruka, usio na riba.
(ii) Mfuko ulipie wanafunzi wachache mpaka mwisho, badala ya wengi nusu njia.
(iii) Fedha zote za mwanafunzi ziwe tayari kabla hajaanza kuruka.
(iv) Mnufaika arejeshe fedha bila riba, au afundishe kwa miaka itakayokubaliwa.
(v) Atakayefadhiliwa apimwe kwanza afya ya daraja la kwanza.
(vi) HELB ifikirie kutambua saa za kuruka kama sehemu ya karo, na ifungue mlango usio na riba.
(vii) Shule za upili zipewe walimu wa hisabati na fizikia. Tangu mashambulizi ya Mandera 2014 na Kamuthe 2020 yaliyoua walimu, wengi wameondoka, na pengo halijazibwa.
(viii) Wasichana watengewe nafasi katika mfuko huo.
(ix) Kwa mara nyingine: mfuko usitoe fedha kwa vipande.

Hitimisho

Tukipata wakufunzi wetu wenyewe, tutakuwa na hoja ya kudai shule ya urubani huku kwetu. Bila wao, uwanja wa ndege ni lami tu. Nawaomba maafisa wa kaunti mlioko hapa mlipeleke pendekezo la mfuko kwenye bajeti ijayo, lipigiwe kura, wananchi wajue nani amelikubali na nani amelikataa.