Ofisi Ndani ya Mkoba: Kuiandaa Ruta ya Safari kwa Huduma za Vijijini

Mada kwa watendaji wa kata na vijiji, watumishi wa afya na wakusanya mapato



Timu ya huduma ya mkoba inayoondoka Mpanda alfajiri kuelekea Karema husafiri zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Ndani ya gari huwamo kibebea chanjo, mizani ya watoto, madaftari na, siku hizi, vishikwambi viwili au vitatu. Timu inapofika, akina mama wamekwisha kukaa kivulini kwa muda mrefu. Barafu ya chanjo ikiyeyuka, kila mtu hutambua papo hapo kwamba kazi imeharibika. Intaneti ikikosekana, au ikipatikana kwa njia isiyo salama, hasara haionekani siku hiyo. Huonekana miezi baadaye, pale jina la mtoto lisipopatikana katika orodha, au siri ya mgonjwa inaposimuliwa kilabuni.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na leo una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 564,604. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi hiyo imezidi mara mbili katika miaka kumi, nayo imetawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 45,800 lenye hifadhi, mapori na mabonde. Katika mazingira kama hayo mwananchi hawezi kuifuata ofisi kila mara; ofisi haina budi kumfuata. Na ofisi ya leo, iwe ya afya, ya mapato au ya ardhi, huhitaji intaneti.

Ndipo inapoingia ruta ya safari: kifaa kinachoenea kiganjani, chenye uwezo wa kuhudumia vishikwambi, simu janja na kompyuta mpakato kadhaa kwa wakati mmoja. Watumishi wengi hukiona kama chombo cha kuwasha na kutumia tu. Mada hii inalenga kuonyesha kwamba thamani yake huamuliwa na dakika 20 za maandalizi kabla ya gari kuondoka.

Kuijua ruta yenyewe

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza huwekwa laini ya simu na huwa na betri yake. Wengi huiita mifi. Hupokea intaneti kutoka mnara wa simu na kuigawa kwa njia ya Wi-Fi. Ya pili mara nyingi haina laini wala betri. Hupokea intaneti iliyopo tayari, kwa waya au kwa Wi-Fi ya nyumba ya wageni, kisha hutengeneza ndani yake mtandao mwingine wa timu peke yake. Baadhi ya ruta huunganisha kazi zote mbili.

Jambo moja lieleweke mapema: ruta haizalishi mawimbi ya simu. Mahali ambapo mnara haufiki kabisa, ruta itawaka taa na kutangaza jina la mtandao, lakini intaneti haitakuwapo. Kwa vijiji vya namna hiyo timu hupanga kazi tofauti: taarifa hujazwa katika programu zinazoruhusu kufanya kazi bila mtandao, kisha hutumwa timu inapofika penye mawimbi. Mtumishi anayejua hilo hatapoteza asubuhi nzima akiilaumu ruta isiyo na kosa.

Maandalizi kabla ya safari

Kazi huanza na laini. Laini ya ofisi isajiliwe kwa utaratibu wa taasisi, wala isiwe ya mtumishi binafsi ambaye kesho atahamishwa nayo. Namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu huweza kuhakikiwa kwa kupiga *106#. Kabla ya kuingizwa katika ruta, laini iwekwe kwanza kwenye simu ili bando linunuliwe na kuthibitishwa, kwa kuwa ruta nyingi haziruhusu kupiga menyu za kununulia bando. Ujumbe mfupi unaotumwa na kampuni ya simu hauonekani kwenye vishikwambi. Husomwa katika ukurasa wa usimamizi wa ruta. Mara nyingi tahadhari kwamba bando linakaribia kwisha hukaa humo bila kusomwa na yeyote.

Hatua inayofuata ni kuufungua ukurasa huo. Kishikwambi au kompyuta huunganishwa na ruta kwa jina la mtandao na nywila vilivyoandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa au ndani ya mfuniko wa betri. Kisha, katika kivinjari, huandikwa anwani iliyo kwenye kibandiko hicho, kwa kawaida 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Ukurasa huomba nywila ya msimamizi. Ikiwa kifaa kimesahaulika nywila, kipo kitundu kidogo ambacho hubonyezwa kwa pini kwa sekunde kumi hivi, nacho hurudi katika hali ya kiwandani.

Hapo ndipo penye moyo wa kazi, na mambo matano hayana budi kufanywa.

Kwanza, nywila ya msimamizi ibadilishwe. Nywila za kiwandani, kama neno «admin», hujulikana dunia nzima. Anayeingia katika ukurasa wa usimamizi anaweza kubadili mipangilio ili mtumishi anayeandika anwani ya mfumo wa malipo apelekwe kwenye ukurasa bandia unaofanana nao. Mkusanya ushuru wa mazao akiingiza utambulisho wake humo, atakuwa ameukabidhi kwa mwizi bila kujua.

Pili, nywila ya Wi-Fi iwe tofauti na ile ya msimamizi, na iwe ndefu. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa na tarakimu, hukumbukika kwa urahisi na ni magumu kukisiwa. Jina la kijiji, mwaka wa sasa na 12345678 si nywila. Ni mlango uliorudishiwa tu.

Tatu, aina ya ulinzi ichaguliwe kuwa WPA2 au, pale vifaa vyote vinapoikubali, WPA3. Aina ya zamani iitwayo WEP isitumike kamwe, na mtandao usiachwe wazi. Kitufe cha kuunganisha haraka, WPS, kizimwe.

Nne, jina la mtandao lisitangaze shughuli. Mtandao ulioitwa kwa jina la kliniki ya wagonjwa fulani humwambia kila mpita njia nani ameketi katika hema lile na kwa sababu gani. Jina la kawaida lisilo na maana kwa mgeni linatosha.

Tano, programu endeshi ya ruta isasishwe, na kazi hiyo ifanyike mjini penye mtandao imara. Umeme au mawimbi yakikatika katikati ya usasishaji, kifaa chaweza kufa.

Bando na umeme

Bando la ofisi ni fedha ya umma, nalo hupotea kimyakimya. Fomu ya maandishi hutumia kilobaiti chache. Video ya ubora wa kawaida yaweza kumaliza takriban GB 1 kwa saa. Kompyuta mpakato nayo, ikidhani ipo kwenye mtandao usio na kikomo, huanza kupakua masasisho yake yenyewe. Kwa hiyo kompyuta iambiwe katika mipangilio yake kwamba mtandao huo una kipimo, hifadhi otomatiki ya picha izimwe, na katika ruta iwekwe idadi ya juu ya vifaa vinavyoruhusiwa. Ruta nyingi huweza pia kuwekewa ukomo wa matumizi kwa siku au kwa mwezi.

Kuhusu umeme, hesabu ni rahisi. Ruta isiyo na betri mara nyingi huhitaji volti 5 na ampea 2, yaani isiyozidi wati 10, ingawa kwa kawaida hutumia karibu nusu ya hizo. Pawabenki yenye mAh 10,000 hubeba takriban wati-saa 37. Baada ya kuondoa kinachopotea njiani, huiendesha ruta hiyo kwa saa tano au sita. Siku nzima ya kliniki huhitaji mbili. Waya nao upimwe kabla ya safari, kwani waya mwembamba au uliochakaa huifanya ruta izime na kuwaka tena, na watumishi wakadhani tatizo ni mnara.

Kituoni

Ruta isiwekwe mezani chini ya bati katikati ya watu. Iwekwe juu, karibu na dirisha au ukingo wa hema, upande unaoelekea mnara, lakini kivulini, kwa maana jua la Katavi huiumiza betri. Ukurasa wa usimamizi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: −85 ni bora kuliko −110. Kuihamisha ruta hatua kumi huweza kuibadili namba hiyo sana. Mahali 4G inapokuja na kuondoka, kuichagua 3G yenye utulivu mara nyingi huharakisha kazi.

Upande wa Wi-Fi, masafa ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri. Yale ya 5 GHz yana kasi lakini hufifia mapema. Kwa uwanja wa kliniki, ya kwanza hufaa. Kwa chumba kimoja chenye kompyuta chache, ya pili. Katika vijiji vya mwambao wa ziwa, matumizi ya mitandao ya nje ya nchi yazimwe katika mipangilio, ili kifaa kisijiunge na mnara wa nchi jirani na kukata salio kwa viwango vya ng'ambo.

Nyumba ya wageni

Jioni, timu ikilala mjini au kituoni, kishawishi ni kuunganisha kila kifaa moja kwa moja na Wi-Fi ya nyumba ya wageni. Nywila ya mtandao huo huwa ukutani mapokezi, ikijulikana na kila aliyewahi kulala hapo. Ruta ya safari hupunguza hatari hiyo: ruta peke yake ndiyo hujiunga na mtandao wa wenyeji, na vifaa vya timu hukaa nyuma yake, visionekane na wageni wengine.

Matatizo mawili hujitokeza mara kwa mara. La kwanza, mtandao wa wenyeji hutaka ukurasa wa kuingilia ujazwe kwanza. Kifaa kimoja nyuma ya ruta kifungue kivinjari na kuujaza, vingine vitapita. La pili, ruta na mtandao wa wenyeji zinaweza kutumia anwani moja, kwa mfano 192.168.1.1, na intaneti ikakataa kupita kana kwamba nyumba mbili zina namba moja na mpeleka barua hajui abishe wapi. Dawa ni kuibadili anwani ya ndani ya ruta, kwa mfano iwe 192.168.50.1, kisha kuiwasha upya.

Ruta nyingi za aina hii huja na uwezo wa VPN, yaani njia ya siri ndani ya mtandao wa umma. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa huduma hiyo kutoa taarifa zao kwake. Kwa hiyo mtumishi asiiwashe kwa uamuzi wake. Suala hilo lipitie kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri.

Dhamana

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, na taarifa za afya huhesabiwa kuwa nyeti. Mama aliyetaja hali yake mbele ya muuguzi chini ya mti hakuwa akizungumza na ruta. Alizungumza na Serikali, kwa imani kwamba maneno yake yatakaa pale yanapostahili. Imani hiyo ikivunjika mara moja katika kijiji kimoja, kliniki inayofuata hukuta viti vitupu, na hakuna mnara utakaoirudisha.

Kwa sababu hiyo, kila ruta iwe na daftari lake: nani ameichukua, tarehe gani, kwa safari ipi, bando kiasi gani, na imerudi lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nywila za ruta zisiandikwe humo. Zitunzwe na msimamizi wake, na zibadilishwe kila mtumishi anayezijua anapohama. Ruta ikipotea, taarifa itolewe siku hiyo hiyo kwa msimamizi na polisi, na laini ifungwe mara moja. Aliyeipoteza asiogope kusema, kwa kuwa saa za ukimya ndizo zinazomfaidi aliyeiokota.

Timu iliyofanya maandalizi hayo hufika Karema, ikaitundika ruta ukingoni mwa hema, na katika dakika chache mtoto wa kwanza huandikishwa. Akina mama hawataitazama ruta, wala hawana haja ya kujua jina lake. Watakachokijua ni kwamba waliporudi mwezi uliofuata, jina la mtoto lilikuwapo, na siri yao haikuwa imetangulia njiani.