KUKODI AU KUNUNUA KOMPYUTA ZA SHULE
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Nduguti



Vyama kadhaa vimekusudia kutenga sehemu ya ushuru wa mazao ili kuzisaidia shule za sekondari kupata kompyuta. Nia hiyo ni njema, nayo inalingana na misingi ya ushirika ya elimu na ya kuijali jamii. Lakini fedha hizo ni jasho la mwanachama, kutoka katika gunia lake la alizeti au la vitunguu. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu, la kukodi au kununua, linastahili hesabu kabla ya makofi.

Kukodi si jambo geni kwetu. Asiye na ng'ombe wa kulimia hukodi plau ya jirani. Hulipa kwa ekari, na ng'ombe akiugua, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Hiyo ndiyo faida ya kukodi: mzigo wa ubovu hubebwa na mwenye mali. Endapo mkataba wa kompyuta hautoi faida hiyo, basi huko si kukodi. Ni kununua kwa bei kubwa bila kupata mali.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya muuzaji yeyote. Kompyuta 20 kwa shilingi 800,000 kila moja ni shilingi 16,000,000. Tukiongeza robo yake kwa matengenezo, yaani shilingi 4,000,000, jumla ni shilingi 20,000,000. Tukikodi kwa shilingi 40,000 kwa mwezi kila moja, kwa miezi 36 tutalipa shilingi 28,800,000. Tofauti ni shilingi 8,800,000, na katika miezi hiyo imo ya likizo, ambapo chumba kimefungwa na kodi inadaiwa.

Anayependelea kukodi atajibu kwamba kompyuta huchakaa upesi, na ni kweli. Kanuni za kodi ya mapato hapa nchini huikata thamani ya kompyuta kwa asilimia 37.5 kila mwaka. Shilingi 100 hubaki 62.50 baada ya mwaka mmoja, 39 baada ya miwili, na takriban 24 baada ya mitatu. Tena kuna kuchakaa kusikoonekana kwa macho. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa njia ya kawaida. Anayenunua mitumba kwa urahisi wa bei na aulize jambo hilo kwanza. Hata hivyo, mashine ya namna hiyo huweza kutumia Linux, ambayo hupatikana bila malipo, mradi mwalimu aielewe.

Ndugu Wajumbe, bei si shina la jambo hili. Mwaka 1965 Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika hesabu zilizoendeshwa kwa mitambo hiyo, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Funzo tunaloweza kulichukua ni kwamba mtambo bila watu wanaoumudu ni hasara, uwe wa kukodi au wa kununua. Huku kwetu kuna vumbi, na umeme huweza kukatika. Ahadi ya matengenezo ina thamani ya mwendo wa fundi: kama yuko mbali na hana siku aliyofungwa nayo, mwanafunzi wa Kidato cha Nne atafanya mtihani kabla fundi hajafika.

Jambo jingine ni kalenda yetu. Kodi hudaiwa kila mwezi, lakini mkulima huuza mara moja kwa mwaka. Chama kikilipa kila mwezi, kitakopa mwezi wa Januari ili kulipa kodi, na mkopo huo utasubiri mavuno ambayo mvua haijayahakikisha. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa hiyo nashauri tununue, tena tuanze na chache. Kumi zinazofanya kazi ni bora kuliko ishirini ambazo nusu yake zimefunikwa kitambaa. Fedha za matengenezo na za kumfundisha mwalimu zitengwe siku ile ile ya kununua. Mashine ziandikwe katika leja ya mali ya shule, na Halmashauri ishirikishwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Chama kitakacholazimika kukodi kisitie sahihi mpaka mkataba uwe na mambo manne. Kwanza, malipo yawe baada ya msimu wa mauzo. Pili, idadi ya siku za fundi kufika itajwe. Tatu, mashine iliyokufa isidaiwe kodi mpaka itengenezwe au ibadilishwe. Nne, iandikwe kama mwishoni mashine zitakuwa za shule, na kwa bei gani.

Tukumbuke pia kwamba kodi ya miaka mitatu ni deni. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inatutaka tukope ndani ya ukomo uliowekwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Nashauri mkataba wa kukodi upimwe kwa kipimo hicho hicho, wala usiamuliwe na watu wawili ofisini. Mwanachama aulizwe, aoneshwe hesabu zote mbili, kisha anyooshe mkono wake.