Fidia Baada ya Ajali ya Barabarani



Tarehe 28 Juni 2025 basi na basi dogo yaligongana Sabasaba, wilayani Same, katika barabara yetu ya kwenda Tanga, yakateketea kwa moto. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha. Hatukukutana kuwahukumu wahusika wa ajali ile. Twataka kuuliza swali linalobaki katika kila msiba wa barabarani baada ya matanga kuanuliwa: aliyefiwa au kulemazwa astahili nini, na kiasi chake hupimwaje?

Msingi ni uzembe. Mdai hana budi kuthibitisha kwamba dereva hakuchukua hadhari iliyompasa, na kwamba madhara yametokana na hilo. Mwenye gari naye huwajibika kwa kosa la dereva aliyemwajiri, akiwa kazini. Majeruhi aliyechangia ajali hupunguziwa fidia kwa kadiri hiyo.

Gharama zilizokwisha kutumika, kama vile dawa, nauli za kwenda KCMC na ujira uliopotea, sharti zitajwe waziwazi na kuthibitishwa. Ndivyo ilivyosema Mahakama ya Rufani mwaka 1992. Basi stakabadhi zitunzwe, hata ile ndogo ya duka la dawa, pamoja na fomu ya PF3. Maumivu na kilema havina stakabadhi. Hivyo hakimu huvipima kwa busara yake.

Kwa marehemu, hutazamwa riziki waliyoikosa wategemezi. Tuchukue mfano wa fundi mwashi aliyepata shilingi 300,000 kwa mwezi, akitumia 100,000 kwa nafsi yake. Nyumbani zilifika 200,000, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Hakimu akikadiria miaka 10, fidia ni 24,000,000. Hachukui miaka yote iliyosalia hadi uzeeni, kwa kuwa fedha hulipwa kwa mkupuo, na uhai wenyewe hauna hakika. Na mama aliyelima kihamba, je? Hakuwa na mshahara, lakini ndizi na kahawa vina bei sokoni. Twaona ni dhuluma kumhesabia sifuri.

Hapo ndipo jeneza na magunia mawili ya mchele yanapotupa mashaka. Rambirambi ipokelewe kwa shukrani. Lakini mara nyingi huandamana na karatasi isemayo kwamba familia imelipwa yote. Mjane asitie kidole gumba kabla hajasomewa na mtu asiye wa upande wa mwenye gari. Bima ya gari kwa madhara ya watu wengine ni lazima kisheria. Namba yake iulizwe polisi mapema, maana muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3 tu.