Matokeo Yarudi Darasani: Upimaji na Uwajibikaji katika Shule za Msingi



Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Wapo waliosikitika. Mimi naona tumepata nafasi ya kujiuliza orodha zile zilikuwa zikipima nini.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Mwaka 2013, kufuatia matokeo mabaya ya mitihani ya 2012, Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule za msingi zikapangwa kwa nafasi hadi ngazi ya wilaya. Watafiti Cilliers, Mbiti na Zeitlin walifuatilia wakakuta kwamba shule zilizokuwa mkiani wilayani mwao zilipandisha ufaulu. Hilo tusilibeze. Mwalimu mkuu akijua anaangaliwa, hujituma. Lakini walikuta pia kwamba baadhi ya watoto waliondolewa njiani wasifike mtihani wa darasa la saba. Asilimia ilipanda, na kuna mtoto aliyelipia.

Kwa hiyo napendekeza tubadili hesabu. Shule iliyokuwa na wanafunzi 120 darasa la tano, wakafanya mtihani 80 na kufaulu 60, leo hujivunia asilimia 75. Isomeke asilimia 50. Waliohama kihalali wanaweza kufuatiliwa kwa namba zao katika PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, hivyo hakuna shule itakayoonewa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni upimaji wa darasa la nne. Unafanyika mwishoni mwa mwaka, na matokeo yanatoka mwalimu akiwa ameshapokea watoto wengine. Anaona herufi tu. Haoni kwamba mtoto hajui kukopa anapotoa. Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikionyesha walipokosea na kwa nini. Taarifa hizo zisomwe na walimu wa somo kwa pamoja, kalamu mkononi, kabla ya kuandaa azimio la kazi linalofuata. Nanyi wathibiti ubora wa shule, msiishie kwenye maandalio ya somo. Ombeni madaftari ya wanafunzi watano, mtazame kama kosa la Februari bado lipo Aprili.

Tena, uwajibikaji usimwangukie mwalimu peke yake. Jaribio la utafiti la KiuFunza katika shule 350 hapa nchini lilionyesha kwamba ruzuku ikipelekwa shuleni peke yake haikuinua ujifunzaji. Ilipoambatana na motisha kwa walimu kulingana na matokeo ya wanafunzi, watoto walijifunza zaidi. Fedha isiyoulizwa imefanya nini haitoshi, na kumbana mwalimu mwenye darasa la watoto mia bila vitabu ni kumwonea.

Ndiyo maana naomba ubao wa matokeo wa kila shule, pembeni ya ufaulu, uonyeshe idadi ya walimu waliopo, ikama inayotakiwa, na watoto wangapi wanagawana kitabu kimoja cha Hisabati. Mzazi akiusoma, ajue swali lipi ampelekee mwalimu mkuu na lipi alipeleke halmashauri.