TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: SUALA LA MWEKA HAZINA



Haya ndiyo maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa Jumapili. Tunayatuma kwa ambao hawakufika, na kwa waliofika wakaondoka kabla hatujamaliza.

Tangu zisomwe hesabu za robo mwaka na kuonekana pengo la Sh 640,000, mweka hazina wetu ameshaitwa mwizi kwenye kundi letu, sokoni, na hata mbele ya watoto wake. Kila mtu ana haki ya maoni yake, na sisi viongozi tunayo ya kwetu moyoni. Lakini tawi likitamka jambo, hayo si maoni tena. Ni uamuzi, nao unabaki kwenye jina la mtu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Pengo ni hili tu: stakabadhi tulizokata zinaonyesha fedha nyingi kuliko zilizofika benki na zilizotumika kwa hati za malipo. Basi. Pengo halisemi fedha zimekwenda wapi. Inawezekana zimeibwa. Inawezekana pango la ofisi lililipwa taslimu na risiti haijaletwa, au stakabadhi moja imeingizwa mara mbili. Aliyemwona mweka hazina na pikipiki mpya mwezi ule ameona pikipiki. Hajaona fedha za tawi.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 3, inaweka viwango viwili. Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo kuacha shaka ya maana. Kwenye madai, inatosha jambo lionekane lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Wenye umri wetu wanaikumbuka kesi ya O.J. Simpson kule Marekani. Oktoba 1995 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru kwa mashtaka ya kuua watu wawili. Februari 1997, kwenye shauri la madai la vifo vilevile, baraza jingine lilimwona anawajibika, akaamriwa kulipa mamilioni ya dola. Wengi waliona ni kichekesho. Si kichekesho. Maswali yalikuwa mawili, na kila moja lilikuwa na kipimo chake. Kuachiwa huru hakukuthibitisha kwamba hakutenda.

Mmoja wenu aliuliza: kwa hiyo tukae kimya mpaka mahakama iseme? Hapana. Vitabu vya stakabadhi na hundi tumevichukua tangu Jumatatu. Hiyo ni tahadhari, na tungemfanyia yeyote, katibu akiwemo. Kamati ya watu watatu italinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa siku 14, mwenyewe akiwepo na akisikilizwa. Fedha zikionekana zinamhusu, tutamdai azirejeshe. Dalili za wizi zikijitokeza, jalada litakwenda polisi, na neno "mwizi" litasemwa na mahakama.

Uchaguzi wa tawi ukifika, mambo ni tofauti. Kura haidai ushahidi. Unaweza kumnyima kwa sababu humwamini tu, na hakuna wa kukuuliza. Hapo maoni yako yana nguvu zote.

Kwa sasa, ujumbe wowote wa kumwita mwizi utafutwa kwenye kundi. Na wale mliosema mna ushahidi, leteni. Kila aliyelipa ada kati ya Januari na Machi afikishe stakabadhi yake, au picha yake inayosomeka namba, kwa katibu kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Mpaka tunaandika hapa, tumepokea nne.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji